Vita vya Mabeberu, Deni la Wanyonge: Uhakiki wa Fikra Moja

Katika madarasa ya siasa, na zaidi katika majibu ya mitihani ya vijana wetu wa sekondari na vyuo, limejengeka wazo ambalo sisi tunaona halina budi kupingwa kwa hoja. Husemwa hivi: vita viwili vya dunia vilimfungua macho Mwafrika, askari wetu walipigana bega kwa bega na Wazungu, wakamwona Mzungu anaogopa na kufa kama mtu mwingine yeyote, wakarudi kutoka Burma na moto wa utaifa kifuani, na baada ya hapo uhuru ukapatikana. Mwanafunzi akiandika hivyo hupewa alama zake zote. Kada akisema hivyo jukwaani hupigiwa makofi.

Ubaya wa wazo hilo ni kwamba lina chembe ya ukweli ndani yake, kwa hiyo halichunguzwi. Linaufanya uhuru uwe shukrani kwa utumishi wa kijeshi wa wachache, au ufunuo uliowashukia watu wakiwa ugenini. Mkulima aliyebaki kijijini, mama aliyechukuliwa mtama wake ghalani, kuli aliyegoma bandarini, wote hawaonekani. Na kijana anayefundishwa historia ya namna hiyo hujifunza siasa ya kungoja: atangoja tukio kubwa la nje lije limfungue macho.

Kwa maoni yetu, mahali pa kuanzia ni kwenye gharama. Kila vita vya mabeberu huacha deni, na deni hilo humwangukia yule ambaye hakuulizwa kama vita vipiganwe au visipiganwe. Malalamiko huzaliwa hapo. Lakini malalamiko hayo yatageuka kuwa uhuru, na yatakuwa uhuru wa nani, hutegemea ni tabaka gani lililojipanga kuyashika na kuyaongoza. Bila swali hili la pili, lile la kwanza ni nusu ya hoja.

Wapenda mifano ya mbali hutuletea Marekani. Hatuukatai mfano huo. Tunakataa jinsi unavyosomwa. Kati ya mwaka 1756 na 1763 Uingereza na Ufaransa zilipigana kugombania Kanada, visiwa vya Karibi na biashara ya India. Uingereza ikashinda, na ushindi huo ukapandisha deni la serikali yake kutoka kiasi cha pauni milioni 75 hadi kupita milioni 130. Juu ya hilo, maelfu ya askari waliachwa Amerika ya Kaskazini, nao walihitaji kulishwa na kulipwa. Bunge la London likaamua makoloni yachangie. Mwaka 1764 ikaja sheria ya ushuru wa sukari. Mwaka 1765 ikaja ya stempu, ambayo ilitoza kodi magazeti, hati za mikataba na hata karata za kuchezea. Makoloni hayakuwa na mbunge hata mmoja katika Bunge hilo. Tena mfalme alikuwa amekwisha kuwakataza, mwaka 1763, kwenda kuchukua ardhi magharibi ya milima ya Appalachia, na walanguzi wa ardhi, George Washington akiwa mmoja wao, walichukia. Desemba 1773 chai ikamwagwa baharini Boston. Tarehe 4 Julai 1776 wakatangaza uhuru, na mwaka 1783 Uingereza ikaukubali.

Deni, kodi, malalamiko, uhuru. Mnyororo umekamilika, na wengi huishia hapo. Sisi tunauliza: uhuru wa nani? Walioushika uongozi wa harakati zile walikuwa wafanyabiashara wa miji ya pwani na wenye mashamba makubwa ya watumwa. Mafundi na wakulima wadogo walitoa damu. Novemba 1775 gavana wa Kiingereza wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme watakuwa huru. Alifanya hivyo kwa hila za vita, hakuwa na huruma yoyote. Lakini katika miaka ya vita ile maelfu ya watu weusi walikimbilia upande wa Waingereza, yaani walikimbia kutoka kwa watu waliokuwa wakiandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa. Utumwa katika nchi hiyo huru ulifutwa mwaka 1865. Na wenyeji wa asili wa magharibi walinyang'anywa ardhi kwa kasi zaidi kuliko zamani. Tunaomba msomaji aiweke picha hii ya walowezi wanaomwasi mfalme ili wabaki mabwana nyumbani, kwa sababu tutaikuta tena karibu kabisa na mlango wetu.

Tuje kwetu. Galula ipo katika bonde la Songwe, mto unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa. (Kuna Songwe mwingine, unaotenganisha nchi yetu na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa. Wageni huichanganya mito hii miwili, na wasomi wengine pia.) Nchi hii ya kati ya maziwa mawili, kutoka Karonga hadi Mbala, ilikuwa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia kuanzia miezi yake ya mwanzo hadi siku yake ya mwisho, na hata kuipita siku hiyo. Wajerumani na Waingereza walipigana Karonga tarehe 9 Septemba 1914. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaiteka Neu Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu. Mwanzoni mwa Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alirudi kupitia pande hizi, akaishambulia ngome ya Fife, ng'ambo ya mpaka na si mbali na Tunduma, kisha akashuka hadi Kasama. Ulaya ilinyamazisha bunduki tarehe 11 Novemba. Huku habari zilimfikia siku mbili baadaye, naye akasalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918.

Vitabu vya majenerali hueleza vita hivi kama mchezo wa paka na panya kati ya waungwana wawili. Tukitaka kuvielewa inatupasa tuangalie mzigo. Kona hii haikuwa na reli. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Risasi, unga, dawa na hema vilisafiri juu ya kichwa cha binadamu. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha kilo 25, na alihitaji karibu kilo moja ya chakula kila siku. Hesabu ni rahisi: akitembea siku kumi na mbili kwenda na nyingine kumi na mbili kurudi, ameumaliza mzigo wake mwenyewe. Kwa hiyo ilibidi wapagazi wawabebee wapagazi wengine, na kadiri jeshi lilivyosonga mbele ndivyo idadi ilivyozidi. Waingereza peke yao waliwaingiza katika kazi hiyo watu wanaokadiriwa kufika karibu milioni moja katika Afrika ya Mashariki na Kati, na makadirio ya waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, yanakaribia 100,000. Wajerumani nao walichukua wao, mara nyingi bila hata kuandika. Chakula cha majeshi yote mawili kilitoka katika maghala ya wanakijiji, maana yake kilitoka katika jembe la mwanamke, ambaye mume wake alikuwa amekwisha kuchukuliwa kubeba. Baadaye ikaja homa kali ya mafua ya mwaka 1918, ikawakuta watu wamekonda.

Hapo ndipo tunapotaka kuihakiki sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam. Wengi wetu tumepita chini yake bila kuisoma. Iliwekwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, von Wissmann. Kama kazi ya fundi, ni kazi nzuri: mwili umejaa nguvu, mguu umekanyaga mbele, bunduki na singe vimeelekezwa kwa adui. Lakini sanaa huitumikia fikra fulani, na fikra ya sanamu hii imo katika mtu aliyeachwa nje. Mpagazi hayumo. Katika sanamu iliyowekwa Nairobi mwaka uliofuata, mpagazi amepewa nafasi pamoja na wenye bunduki. Dar es Salaam amebaki katika maandishi ya chini tu, ambako anatajwa kama viungo vya mwili wa jeshi. Maneno hayo yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi wa ubeberu, na yanawaahidi waliokufa kwa ajili ya nchi yao kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Nchi ipi? Na majina yapi? Mpagazi alipewa namba, na maelfu waliokufa mishahara yao haikuwafikia jamaa zao. Kumbukumbu aliyoachiwa ni jina la soko na mtaa, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chake, na ambalo wanunuzi wengi hawajui lilikotoka. Hatusemi sanamu ing'olewe. Tunasema isomwe pamoja na kile ilichokificha.

Mtu wa kwanza kuliandika swali la gharama katika pande hizi alikuwa Mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland. Novemba 1914, wiki chache baada ya vita vya Karonga, alipeleka barua kwenye gazeti la wakoloni la huko. Aliuliza kwa nini Mwafrika aitwe kufa katika ugomvi ambao sababu yake hakuelezwa, wakati siku za amani hapati chochote isipokuwa kodi na dharau. Akashauri waende vitani wenye mali, wenye mabenki, wenye maduka na wenye mashamba. Serikali ikaizuia barua hiyo. Tarehe 23 Januari 1915 Chilembwe na wafuasi wake waliinuka na kulishambulia shamba la walowezi lililokuwa likiwatesa wapangaji wake kwa kazi za kulazimishwa. Tarehe 3 Februari alikuwa amekwisha kuuawa. Tukimsoma leo, uchambuzi wake ni safi kuliko wa maprofesa wengi. Alichokosa ni chama. Wafuasi wake walikuwa mamia, wakulima waliokuwa na malalamiko yaleyale walikuwa malaki, na katikati yao hapakuwa na mtandao wa kuwaunganisha. Huu ni ushahidi wa kwanza dhidi ya wale wanaodhani kwamba kufunguka macho kunatosha.

Ushahidi wa pili ni miaka iliyofuata. Tanganyika ilihamishwa kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine kama samani za nyumba. Watumishi wa serikali waliunda chama chao Tanga mwaka 1922 chini ya Martin Kayamba, na mwaka 1929 African Association ikaanzishwa Dar es Salaam. Vyote viwili vilikuwa vyama vya wenye kalamu, vyenye adabu nyingi. Walionufaika haraka na matokeo ya vita walikuwa walowezi. Oktoba 1925 Lord Delamere wa Kenya aliwakusanya wajumbe wa walowezi kutoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walikutana wapi? Tukuyu, katika miinuko ya Rungwe, mji uleule uliotekwa na Northey miaka tisa kabla. Shabaha ilikuwa kuunganisha nchi hizi ziwe dola moja kubwa ya Wazungu, yenye sauti yake mbele ya London. Msomaji akumbuke Virginia. Ile ilikuwa Marekani ya pili ikitafuta mahali pa kuzaliwa, na iliitisha kikao chake katika mkoa wa jirani yetu. Inashangaza kwamba jambo hili halifundishwi hata Tukuyu kwenyewe.

Sasa Vita vya Pili. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wengi wao katika King's African Rifles, ambao wazee waliwaita keya. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska 1942, na Burma kuanzia 1944. Nyumbani, Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, mkonge na mpira wa Tanganyika ukawa mali ya vita, na makumi ya maelfu ya watu wakalazimishwa kwa amri kwenda mashambani. Mkonge huo Uingereza iliununua kwa bei iliyoipanga yenyewe.

Vita vilipokwisha Uingereza ilikuwa imefilisika. Mwishoni mwa 1945 ilikopa Marekani dola bilioni 3.75, na kufikia Agosti 1947 dola hizo zilikuwa zimekwisha kuyeyuka. Ni 1763 nyingine, isipokuwa mkopeshaji sasa ni yule koloni wa zamani. London ikayageukia makoloni ili yazalishe dola na mafuta ya kula. Hapo ndipo ulipotoka mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Hapo ndipo zilipotoka pia zile amri nyingi za kilimo ambazo wazee wetu walizichukia kuliko kodi yenyewe: chimba matuta, punguza ng'ombe, panda hiki, usipande kile, na asiyetii alipe faini au afungwe. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili walowezi wapate ardhi. Julai 1955 Waluguru walikataa matuta, na polisi wakafyatua risasi.

Tukiyaangalia mambo haya kwa mpangilio, tunaona moto uliwaka wapi. Uliwaka kwenye tuta la Uluguru, kwenye zizi la Usukuma, kwenye gati la Dar es Salaam, ambako makuli waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947, vita vikiendelea na vikiwa vimekwisha. Tutajibiwa: je, Abdulwahid Sykes hakutoka Burma? Alitoka Burma, na nduguye Ally vilevile, na michango yao katika kuzaliwa kwa TANU haina ubishi. Lakini Abdulwahid alipata nguvu za kisiasa alipokuwa katibu wa chama cha makuli na kiongozi katika African Association. Maelfu ya keya wengine walirudi na medali, wakalima. Na vikosi vya KAR vilivyobaki na nidhamu yake vilitumwa na Mwingereza kuwapiga wapigania uhuru wa Malaya na wa Kenya. Bunduki aliyoishika askari Burma haikumwambia ampige nani. Jambo hilo liliamuliwa na siasa, kwake na kwa bwana wake.

TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilifanya kile ambacho Chilembwe hakuwa na nafasi ya kukifanya. Iliyakuta malalamiko yametapakaa wilaya kwa wilaya, kila moja likidhani lipo peke yake, ikayapa kadi moja na lugha moja. Kirilo Japhet alikwisha kupeleka shauri la Wameru Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mwalimu Nyerere akaenda huko Machi 1955 na shauri la Tanganyika nzima. Bibi Titi Mohamed akaingiza wanawake, ambao majeshi ya 1916 yaliwajua kwa ghala zao tu. Mkoloni aliuelewa muunganiko huo vizuri kuliko wanafunzi wetu: ndiyo maana alikizuia chama hicho katika Usukuma hadi 1958. Kwa hiyo tarehe 9 Desemba 1961 waliopata uhuru walikuwa tofauti na wale wa 1776, ingawa deni lililozaa malalamiko lilifanana.

Wala tusidhani Marekani ya pili ya walowezi iliishia katika kikao cha Tukuyu. Tarehe 11 Novemba 1965, siku ambayo Waingereza huwakumbuka wafu wao wa vita, Ian Smith, aliyekuwa rubani wa mfalme katika Vita vya Pili, alitangaza uhuru wa Rhodesia ya Kusini kwa hati iliyoigiza ile ya 1776 hadi katika muundo wa sentensi zake. Alilipa kisogo jambo la kuwaona watu wote ni sawa, akachukua yaliyobaki. Walowezi wake walidai kwamba walimpigania mfalme, kwa hiyo wana haki ya kuachiwa nchi. Hoja hiyohiyo ya utumishi wa vita ambayo vijana wetu wanaiandika kwenye mitihani kwa nia njema, Smith aliitumia kuwafunga pingu Waafrika milioni kadhaa.

Athari zake zilifika huku haraka. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kufuata uamuzi wa OAU, na mkopo wa Kiingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Zambia ilipofungiwa njia ya kusini, mafuta na shaba vilipita Tunduma kwa malori katika barabara ya vumbi na matope. Bomba la TAZAMA likakamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa pamoja na Wachina kati ya 1970 na 1975. Zimbabwe ilipata uhuru wake tarehe 18 Aprili 1980. Gharama hizo nazo zilikuwa deni la vita, na tofauti na ya 1765 au 1947, hili lilichukuliwa na serikali ya watu wenyewe, kwa ajili ya watu wengine. Mkulima wa bonde la Songwe aliyekosa kile ambacho zile pauni milioni 7.5 zingeweza kujenga, aliulizwa kwa kadiri gani? Tawi lolote la Chama, hapa Galula au kwingineko, linaweza kulijadili swali hilo, na wapo wazee wanaozikumbuka siku zile ambao wangepaswa kualikwa kwanza.